Hewa Iliyovuka Mto

Jiko la shangazi yangu halikuwa na dirisha. Lilikuwa kibanda cha miti na udongo nyuma ya nyumba yake huko Bweni, ng'ambo ya mto wa Pangani, limeezekwa makuti, na mlango wake ulikuwa mfupi hata mtu mzima alilazimika kuinama kuingia. Humo ndimo alimokaanga maandazi na vitumbua vya kuuza, tangu kabla sijaletwa kwake hadi nilipoota ndevu. Aliwasha kwa makumbi ya nazi, kwa kuwa nazi ni kitu ambacho Bweni haijawahi kukikosa. Makumbi hayana haraka ya kuwaka. Hutoa kwanza moshi, mweupe na mzito, kisha ndipo yanapokubali moto. Ukipita nje asubuhi uliona paa lote linafuka, kama nalo limetiwa chunguni.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hatoboi ukuta. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hapiki kwa maji ya bahari.

"Upepo ukiingia moto unayumba," alisema. "Moto ukiyumba mafuta yanapoa. Mafuta yakipoa andazi linanywa mafuta, halivimbi. Utalinunua weye?"

Wakaangaji wote wa Bweni walifuata kanuni hiyo. Jiko la biashara hufungwa. Jiko la nyumbani, la wali na mchuzi, lingeweza kukaa uani bila ukuta hata mmoja, lakini la maandazi hufungwa. Naye shangazi alikohoa. Kikohozi chake kilikuwa kifupi na kikavu, viwili pamoja kisha kimya, na watoto wa mtaani walikijua kuliko adhana. Wakikisikia walitoka na vibakuli, maana kilitangaza kwamba mpiko wa kwanza umetoka. Hakuna aliyekiona kuwa ugonjwa. Kilikuwa sehemu ya kazi, kama mafuta yaliyomrukia mikononi.

Nilisoma sekondari Maramba, mbali kidogo na harufu ya nazi. Mwalimu wetu wa biolojia hakuwa na vifaa, kwa hiyo alikuwa akienda buchani. Siku moja alileta yavuyavu la mbuzi, pafu zima na koo lake, limefungwa kwenye gazeti. Akachukua bua la jani la mpapai, lile lenye tundu katikati, akalipenyeza kooni na kupuliza. Ile nyama iliyolala mezani kama tambara ilianza kufura. Rangi yake ilibadilika, ikatoka wekundu uliofifia ikawa kama waridi, na darasa zima likapiga kelele. Mmoja wetu alisema mbuzi amefufuka, aombewe msamaha kwa wote waliomla. Mwalimu alisubiri kicheko kiishe. Akakata kipande cha pafu akakitupa kwenye ndoo ya maji. Kikaelea. Akakata kipande cha ini. Kikazama.

"Humu ndani si mfuko mmoja," alisema. "Ni vifuko vidogo mno, vingi kuliko punje za mchele kwenye gunia, na kila kimoja kimezungukwa na mishipa myembamba kuliko unywele. Hewa iko upande huu, damu iko upande huu. Kati yao kuna ngozi nyembamba ambayo hamwezi kuiona. Hapo ndipo damu inapochukua oksijeni na kutua uchafu wake. Basi. Maisha yenu yote yanapita hapo."

Akaeleza kwamba chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli uliotandazwa kama ngozi ya ngoma. Kikishuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Kikipanda, hewa hutoka. Akasema chembe nyekundu za damu huibeba oksijeni kama makuli wanavyobeba magunia bandarini, huitua kila mahali, kwenye ubongo, kwenye kidole cha mguu, na huko mwili huitumia kukiunguza chakula polepole, bila ndimi za moto. Ndiyo maana tuna joto. Niliandika yote, nikayajibu kwenye mtihani, nikayasahau.

Baada ya kidato cha nne sikukaa mahali. Nimeishi Mwanza, nimeishi Songea, nimekwenda na magari ya mizigo hadi nikachoka kuuliza tulipofika. Kwa muda nilifanya kazi migodini Mererani. Chini kule hewa husukumwa kutoka juu kwa bomba la plastiki, na bomba hilo hunguruma mchana kutwa hadi masikio yanalizoea. Mashine ikizimika juu, kimya chake ndicho kinachokushtua. Watu huacha kupiga nyundo. Huacha na kuzungumza. Kila mmoja hukaa chini, akaitunza hewa aliyo nayo, na kichwa huanza kuuma taratibu kama kinakazwa kwa kamba. Hapo ndipo lile yavuyavu la Maramba liliponirudia. Kabla ya hapo hewa kwangu haikuwa kitu. Ilikuwa nafasi iliyobaki baada ya vitu vingine.

Binti yake shangazi, aliyerithi jiko, alinipigia simu nikiwa Mwanza. Alisema mama hawezi tena kutoka chumbani hadi uani bila kukaa njiani. Alilazwa hospitali, akawekewa hewa, akaikataa, akadai kurudishwa nyumbani. Daktari alikubali kwa sharti kwamba mtungi wa oksijeni umfuate. Hapakuwa na mwanamume wa kwenda kuutafuta Tanga na kuuvusha.

"Uje kaka," alisema. "Labda weye atakusikiliza. Miye ananiambia nikakande unga."

Nikaenda. Tanga nilipata mtungi wa kukodi, mrefu hadi kifuani kwangu, na fundi akanionyesha kuufungua. Juu yake kuna kipimo cha kioo chenye kigololi ndani. Ukifungua, kigololi hupanda, na kadiri kinavyopanda ndivyo hewa inavyotoka kwa wingi. Hewa hupita kwenye chupa ya maji ili isikaushe pua, kisha huingia kwenye mpira mwembamba wenye matundu mawili. Fundi alirudia jambo moja hadi nikamwambia nimesikia: pasiwe na moto karibu. Wala makaa, wala sigara, wala mshumaa. Oksijeni yenyewe haiungui, lakini moto ukiipata huwa kichaa.

Kwenye pantoni, pale Pangani, mtungi ulilala kwenye kiti cha nyuma cha bajaji kama abiria mgonjwa. Kijana mmoja mwenye baiskeli aliukagua.

"Kaka, gesi yote hiyo ya pilau ya nani? Mbona hatujaalikwa?"

"Si gesi ya kupikia. Ni hewa."

"Hewa?" Akatazama mto, akatazama mbinguni, akawageukia wenzake. "Jamani, hewa yote hii ya Mungu, mwenzetu kaifuata Tanga!"

Watu walicheka. Mama mmoja aliyekalia ndoo yake ya samaki hakucheka. "Mwacheni," alisema. "Hewa ni bure kwa mwenye kifua."

Shangazi nilimkuta amekaa kitandani, ameinama mbele, viganja juu ya magoti. Ndivyo alivyokuwa analala pia, kwa kukaa. Alikuwa amepungua mno. Kila alipovuta pumzi, ngozi ya juu ya mitulinga ilibonyea, na alitoa pumzi kwa midomo iliyokunjwa kama anayepoza chai. Kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba." Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la baba yake. "Umekonda. Huko unakokwenda... hawapiki?"

Alisema hivyo kwa vituo, kama mtu anayepanda ngazi. Kisha akauona mtungi mlangoni, na uso wake ukakunjamana.

"Hicho kirudi kilikotoka."

Nilidhani atasema anaogopa. Hakuogopa. Alikuwa na hoja. Mumewe alikufa na barakoa ya hewa usoni. Jirani wa nyumba ya pili naye, na dada yake wa Tongoni naye. Kila aliyemwona akivishwa mpira ule alimwona baadaye akivishwa sanda. Bweni nzima iliamini hivyo: mtu akishafikia mtungi, familia ianze kuulizia kaburi. Mwanamke aliyefanya biashara maisha yake yote hadanganywi na mzigo, naye alikuwa ameona mzigo huu unakoishia.

Nikajaribu kwa njia aliyoijua. Nilichukua pepeo lake la ukindu, lililoning'inia ukutani.

"Shangazi, ukipepea jiko, makaa hufanyaje?"

"Huwaka."

"Usipopepea?"

"Hufa. Unanifundisha moto miye?"

"Basi mwilini mna makaa, na kifua ndicho pepeo. Pepeo lako limechanika. Huu mtungi unasaidia kupepea."

Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kujibu. "Na ukipepea mno?"

Nikalishusha pepeo.

"Makaa huisha upesi," alisema. "Yakawa majivu. Ndivyo alivyokwisha... bwana wangu. Walimpepea mno."

Asubuhi yake nilivuka mto kwenda kumuuliza muuguzi aliyemhudumia alipolazwa. Yeye hakucheka. Alisema bibi hajakosea kwa upande mmoja. Moshi wa miaka mingi umevivunja vile vifuko. Vilivyokuwa vingi na vidogo vimeungana vikawa vichache na vikubwa, na damu haina mahali pa kutosha pa kukutana na hewa. Njia za kupitia zimevimba, kwa hiyo hata hewa iliyotumika inakwama ndani. Kifua cha namna hiyo kikisukumiwa oksijeni nyingi huweza kulegea kupumua, na uchafu wa damu ukazidi. Kwa hiyo apewe kidogo, kigololi kisivuke alama ya chini aliyonitajia, na mtu yeyote asikipandishe kwa huruma. Na wale waliokufa na barakoa, alisema, waliletwa wamechelewa. Zimamoto huonekana kwenye nyumba zinazoungua, lakini si wao wanaozichoma.

"Mapafu yake hayataota upya," aliongeza. "Lakini bila hewa hii moyo wake utachoka. Utakuwa unazungusha damu tupu."

Nilimpelekea shangazi maneno yote hayo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwambie nimesikia," alisema, na akageukia ukuta.

Mtungi ukabaki pembeni, umefungwa. Binti yake alikuwa anautundikia kanga.

Alhamisi ikafika. Alhamisi laasiri nyumba ya shangazi ilifukizwa ubani, kama nyumba nyingi za pwani, kwa ajili ya marehemu wa familia. Sikumbuki wiki hata moja iliyokosa ubani nilipokuwa mtoto. Wiki ile majirani walikuja kumsomea Yasini mgonjwa. Waliongozwa na shoga yake wa tangu ujana, bibi mnene mwenye sauti, na mkononi alikuwa na chetezo kilichojaa makaa.

Nilisimama mlangoni. "Bibi, shikamoo. Tafadhali chetezo kibaki nje. Moshi haumfai, na huo mtungi hautaki moto."

"Marahaba. Mtungi hautaki?" Aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Siku hizi tunamuuliza mtungi. Weye mwana, umezunguka nchi nzima ukakosa cha kutuletea, umetuletea chuma kije kutufukuza na ubani wetu?"

"Wacha waingie," shangazi alisema kutoka ndani.

Wakaingia. Niliuangalia mtungi, umefungwa kabisa, nikauvuta hadi kwenye ukumbi. Chumba kilikuwa kidogo. Walikaa kitandani, mkekani, kwenye kizingiti. Mmoja aliona dirisha limeachwa wazi, akalifunga na kuziba upenyo kwa upande wa kanga, kwa maana kila mtu anajua upepo ukimwingia mgonjwa wa kifua humganda mgongoni. Chetezo kikawekwa chini ya kitanda. Kisomo kikaanza, sauti zao nzuri, zimezoeana, na moshi wa ubani ukapanda kwa ustaarabu, mwembamba, bila kumfanya yeyote akohoe isipokuwa mmoja.

Kilianza kikohozi chake kile, viwili pamoja. Kisha kimya hakikuja. Niliiona mikono yake ikiacha magoti na kushika kitu ambacho hakikuwapo. Midomo ikawa na rangi ya kucha, kucha zikawa na rangi ya wino. Macho yalifunguka sana, hayakuwa yanamtazama yeyote. Kisomo kikakatika. Mtu alianza kulia. Binti yake aliita "Mama! Mama!" na shoga yake, ambaye amewakalia wengi saa zao za mwisho na anajua afanye nini, alipanda kitandani, akamshika bega, akainamisha mdomo sikioni kwake amtamkishe shahada.

"Sema shoga yangu. Sema nami. Laa ilaaha..."

Shangazi akageuza kichwa. Ilimchukua pumzi nyingi, na kila neno lilikuja peke yake.

"Nitaisema. Sijafika... huko. Toeni... moto."

Shoga yake alibaki ameinama, mdomo wazi.

"Na weye, baba," shangazi alisema, ananitafuta kwa macho. "Pepea. Kidogo."

Nilifungua dirisha kwanza. Binti yake alichukua chetezo kwa mikono mitupu akakimbia nacho hadi mwisho wa uwanja, na wanawake wakatoka nyuma yake. Nilingoja moshi upungue, nikaurudisha mtungi, nikamvisha mpira puani na kuuzungusha nyuma ya masikio. Nikafungua. Kigololi kikatikisika, kikapanda hadi kwenye alama, kikasimama. Maji ya chupani yakaanza kutoa mapovu.

Hapakuwa na muujiza. Aliendelea kuhangaika, kisha mahangaiko yakapungua kidogo kidogo. Mabega yalishuka. Niliangalia kucha, kwa kuwa ndizo zinazosema kweli, na baada ya muda zambarau ilianza kurudi nyuma kama maji yanavyoacha ufukwe, bila mtu kuona yanapoanzia. Nilifikiria makuli wa yule mwalimu wa Maramba, wanarudi kazini mmoja mmoja.

Shoga yake alikuwa amesimama dirishani, kwa nje, anasikiliza chupa.

"Kumbe hewa yenyewe inachemka kama chai," alisema.

"Njoo... unywe," shangazi akamjibu.

Hakuuvua tena mpira ule isipokuwa kwa udhu na chakula. Ulipokwisha mtungi nilivuka nao mto kwenda kuujaza, na kijana wa baiskeli akauliza kama hewa ya Tanga ni tamu. Alhamisi iliyofuata chetezo kiliwekwa mbali, upande ambao upepo huondoka na moshi, na shoga yake akaja chumbani na ubani maka, ule wa kutafuna, kwenye kipande cha karatasi. Wakakaa wawili hao wanatafuna. Harufu ilikuwa ile ile, bila moto.

"Unafanana na ng'ombe mwenye hatamu," shoga yake alimwambia.

"Na weye... unafanana na asiyenayo."

Nilikaa Bweni kuliko nilivyozoea kukaa popote. Shangazi hakupona, wala hakuna aliyesema atapona. Lakini aliweza kulala ameegemea mito badala ya kukaa, na asubuhi tulimsogezea kiti mlangoni, na mpira ukamfuata sakafuni. Uwanja ulikuwa mbele yake, na mwisho wa uwanja jiko, paa linafuka.

Asubuhi moja alikuwa amekaa hivyo, nami namenya muhogo. Ndani ya jiko binti yake alikohoa. Viwili pamoja, kisha kimya. Watoto wawili walitokea njiani na vibakuli.

Shangazi aliacha kutafuna.

"Hicho kikohozi ni changu," alisema.

Nikadhani amechanganyikiwa. Kisha nikasikia tena, na nikaelewa.

"Unaondoka lini?" aliniuliza.

"Keshokutwa, inshallah."

"Kabla hujaondoka, katoboe ule ukuta."

Nilichukua panga na mtaimbo. Udongo wa zamani ulikuwa mgumu, umekolea masizi hadi ndani, mweusi kama lami. Binti yake alitoka na mwiko mkononi.

"Kaka, utanizimia moto! Andazi litanywa mafuta!"

"Nenda kamwambie mama yako."

Alimtazama mama yake kule mlangoni. Shangazi alikuwa anaitunza pumzi yake. Aliinua tu pepeo la ukindu kutoka mapajani na kulitikisa, mara moja, kuelekea kwangu, kwa maana ya niendelee.

Nilikata miti miwili na kuisukuma nje. Nuru iliingia kwa mara ya kwanza kwenye kibanda kile, ikaonyesha hewa yenyewe ilivyokuwa, nene, ya kijivu, inajizungusha pale pale. Ilikaa muda bila kujua la kufanya. Halafu ikainama kuelekea kwenye tundu na kuanza kutoka.

Mpiko ule haukuvimba vizuri. Watoto waliula hivyo hivyo.